Baada ya Utepe Kukatwa

Karibu kila msikilizaji ameshahudhuria sherehe hii, au walau ameiona kwenye taarifa ya habari. Uwanja wa halmashauri umefagiliwa tangu alfajiri, turubai limefungwa, ngoma zinalia, na mbele ya meza kuu limesimama Land Cruiser jeupe pe, viti vyake vingali na nailoni za kiwandani. Mgeni rasmi anakata utepe. Anapokea mfano wa ufunguo uliochongwa kwa ubao, anamkabidhi mkurugenzi, mkurugenzi anampa mganga mkuu, na mganga mkuu anageuka huku na huku akimtafuta dereva. Dereva anapanda, anawasha king'ora, watoto wanaziba masikio huku wakicheka, kina mama wanapiga vigelegele.

Katika hotuba hutajwa idadi ya magari, bei yake na kata zitakazonufaika. Yako mambo matatu ambayo ni nadra kutajwa: gari hilo litastaafu mwaka gani, matairi ya mwaka wa nne yatatoka fungu lipi, na mtungi wa oksijeni uliomo ndani ukiisha utajazwa wapi. Mazungumzo ya leo yanalifuata gari la wagonjwa, au ambulensi kama wanavyoiita Wakenya, tangu linapoandikwa kwenye bajeti hadi linapofutwa kwenye daftari la mali. Siku ya utepe ni moja tu katika safari hiyo, na ndiyo nyepesi kuliko zote.

Gari lenyewe kwanza. Barabara za Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zilishachagua kipenzi chao zamani: Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, hasa ile ndefu ambayo Watanzania wanaiita "mkonga" kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele kama mkonga wa tembo. Kwa bomba hilo injini huvuta hewa kavu hata gari likivuka korongo lililojaa maji. Kwa miaka mingi injini yenyewe imekuwa 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo. Mhandisi wa kiwandani ataiona ya kizamani. Fundi wa Tunduru au wa Lodwar anaiona neema: anaifungua kwa spana alizonazo, haihitaji kompyuta kueleza inaumwa nini, na spea zake hazimsumbui.

Hata hivyo mkonga haukuzaliwa uwe wodi. Springi zake ni ngumu, zimetengenezwa kwa ajili ya mizigo, na mtu aliyevunjika paja anazijua kila gari linapoingia shimoni. Sakafu iko juu, kwa hiyo wabeba machela hunyanyua mgonjwa hadi usawa wa viuno vyao. Paa liko chini, na muuguzi hawezi kusimama. Hufanya kazi akiwa amepiga magoti au amekunja mgongo, saa mbili au tatu, mpaka hospitali ya rufaa. Mjini mambo yanageuka. HiAce yenye paa lililoinuliwa ina sakafu ya chini, inakunywa mafuta kidogo na inapenya foleni. Ukiipeleka kwenye udongo mweusi wa mbuga mwezi wa Aprili, itakaa hapo hapo hadi lije trekta. Ndiyo maana mnunuzi anayeagiza gari la aina moja kwa wilaya zote huwa ameshakosea kabla wino wa mkataba haujakauka.

Na yapo maeneo ambako gari lolote ni kubwa mno. Katika wilaya ya Mangochi, nchini Malawi, vituo vitatu vya afya vilivyo mbali vijijini vilipewa pikipiki zenye kitanda cha pembeni ili kuwawahisha hospitali wajawazito waliopata matatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ucheleweshaji wa rufaa ulipungua kwa saa 2 hadi 4 na nusu, ikitegemea kituo. Bei ya gari moja ilitosha kununua pikipiki 19 za namna hiyo. Kuiendesha pikipiki moja mwaka mzima kuligharimu dola 508, wakati gari lilikula karibu mara 24 ya fedha hizo. Tanzania nayo, katika enzi ya Rais Jakaya Kikwete, iliagiza pikipiki za wagonjwa za magurudumu matatu, na mjadala uliozuka haukuwa mdogo: wapo walioona msaada umefika, wapo walioona mjamzito anadhalilishwa kwa kupitishwa juani na vumbini. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Pikipiki inafaa kumtoa mama kwenye zahanati iliyo kwenye njia ya ng'ombe na kumfikisha mahali gari linapomngojea. Kumsafirisha kilomita 120 usiku wa mvua ni kazi nyingine kabisa.

Chombo kikishachaguliwa, inaanza kazi ya kukifanya kiwe gari la wagonjwa. Msikilizaji anaweza kudhani kazi hiyo ni rangi, taa za kumulika na king'ora. Marekani yenyewe ilidhani hivyo kwa muda mrefu. Ripoti mashuhuri ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha nchi hiyo, ya mwaka 1966, ilieleza kwamba karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa zilitolewa na wafanyabiashara wa mazishi wapatao 12,000. Sababu yake ilikuwa nyepesi kupita kiasi: wao ndio waliokuwa na magari marefu ya kulaza mtu. Asubuhi Cadillac ilibeba mgonjwa, jioni ikabeba jeneza, na mwenye gari hakukosa hela, mteja apone asipone.

Mabadiliko yalianzia mtaani. Mwaka 1967, katika eneo la Hill District mjini Pittsburgh, ilianzishwa huduma iliyoitwa Freedom House. Wahudumu wake wengi walikuwa vijana Weusi ambao soko la ajira lilikuwa limewatupa. Aliyesimamia mafunzo yao alikuwa Peter Safar, daktari wa usingizi mzaliwa wa Austria, mmoja wa watu walioipa dunia mbinu ya kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Safar alidai jambo ambalo Cadillac ya mazishi haikuweza kulitoa: nafasi ya mhudumu kukaa kichwani mwa mgonjwa, kwa kuwa njia ya hewa hulindwa kutokea hapo. Mwaka 1974 serikali ya shirikisho ilichapisha masharti yake ya kwanza ya ununuzi wa magari ya wagonjwa, na kufikia mwisho wa muongo huo gari la mazishi lilikuwa limerudi kwenye mazishi. Freedom House yenyewe haikuwahi kufurahia ushindi huo. Ilifungwa mwaka 1975 jiji lilipoanzisha huduma yake.

Ulaya ina kiwango chake, EN 1789, na ndani yake kuna sharti linalostahili kuelezwa polepole. Kila kilichomo nyuma ya gari, mtu au kifaa, lazima kifungwe kiasi cha kustahimili nguvu mara kumi ya uzito wake, iwe gari limesukumwa mbele, nyuma, ubavuni au juu. Mgonjwa wa kilo 70, gari likigonga ng'ombe na kusimama ghafla, anavuta mikanda na bolti za machela kama mzigo wa kilo 700. Mtungi wa oksijeni wa kilo 8 uliosimamishwa kwenye kona na kufungwa kwa kamba ya katani unageuka kilo 80 za chuma zinazoruka kuelekea kisogo cha dereva. Mtu akiyajua hayo, kisha akatembelea gereji ambako kitanda cha hospitali kimechomelewa moja kwa moja kwenye bati jembamba la sakafu, hatalitazama tena gari hilo kwa macho yale yale.

Mtungi wenyewe unadai hesabu yake. Ule unaobebeka kirahisi, saizi E, una lita 680 ukiwa umejaa. Mgonjwa anayehangaika kupumua hupewa hata lita 10 kwa dakika. Gawanya: dakika 68. Kituo cha afya kilicho saa tatu kutoka hospitali ya rufaa kinahitaji lita 1,800 kwa safari moja ya mgonjwa wa aina hiyo, yaani mitungi mitatu, na hapo hakuna pancha, hakuna lori lililolala katikati ya barabara, hakuna mto wa kusubiri upungue. Gari lililokabidhiwa na mtungi mmoja limekabidhiwa na saa moja na dakika nane za pumzi. Hesabu hiyo hufanywa kwa kalamu na karatasi siku ya kuandika mahitaji; isipofanywa siku hiyo, itafanywa barabarani na muuguzi anayetazama mshale wa geji ukishuka.

Umeme ni vivyo hivyo. Mashine ya kunyonya makohozi, monita ya moyo, joto la kumkinga kichanga aliyezaliwa kabla ya siku zake, vyote vinataka umeme. Gari la kawaida lina betri moja, iliyowekwa kwa ajili ya kuwasha injini. Fundi asiyeelewa kazi hii huunganisha kila kitu kwenye betri hiyo hiyo, na baada ya kusubiri nusu saa nje ya kituo cha afya huku vifaa vikiwaka, gari linagoma kuwaka. Mgonjwa yumo ndani, ndugu wanashuka kusukuma. Dawa yake inajulikana: betri ya pili, swichi inayotenganisha betri mbili hizo injini ikizimwa, na inveta yenye uwezo unaolingana na vifaa. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya gari.

Kisha kuna watu. Uingereza, pamoja na uzoefu wake wote, ilipoelekea kwenye muundo mmoja wa gari uliojengwa juu ya Fiat Ducato, wahudumu warefu walilalamika kwamba hawaenei kwenye kiti cha dereva. Mambo ya namna hiyo hayaonekani kwenye makaratasi ya zabuni. Yanaonekana dereva na muuguzi wakialikwa kwenye karakana kabla gari halijapakwa rangi, wakakaa, wakanyoosha mkono kutafuta glovu, wakajaribu kufunga drip huku gari likitembea. Huko nyuma ya gari, sentimita kumi za rafu zinaweza kuwa tofauti ya kufikia na kutofikia.

Watu hao pia wana idadi yao. Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013 kuzipa kaunti za Kenya jukumu la huduma nyingi za afya, Gavana Alfred Mutua wa Machakos alizindua ambulensi 70 kwa mpigo, na picha za msafara ule ziliwavutia wengi. Basi ichukuliwe hesabu ya ambulensi 70 popote pale. Wiki ina saa 168. Mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki anaziba kiti kimoja chini ya robo ya muda huo, kwa hiyo kiti kimoja kisichokaa bure usiku na mchana kinahitaji watu wanne na ushee. Kila gari lina viti viwili vya kazi, cha dereva na cha mhudumu wa tiba. Magari 70 yatahitaji karibu watu 590, kabla ya kuhesabu likizo, uzazi na ugonjwa. Kaunti nyingine ziliamua kukodi: zikaingia mikataba na E-Plus, kampuni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo huleta gari pamoja na watu na vifaa. Wapo waliolalamikia bei ya kukodi. Aliyewahi kupiga hesabu ya watu 590 huilalamikia kwa sauti ya chini kidogo.

Magari mengi yasiyo na mratibu nayo ni msongamano tu. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Majeruhi walibebwa kwa matatu, kwa mabasi, kwa pikapu, kwa magari ya watu binafsi. Ubinadamu wa Wanairobi siku ile hausahauliki. Lakini dereva wa matatu hawezi kujua ni hospitali gani bado ina nafasi na ni ipi imefurika hadi kwenye korido, kwa kuwa hana wa kumwambia.

Hapo ndipo linapoingia gari la pili katika mazungumzo haya, lile la uongozi wa dharura. Gari hili halibebi mgonjwa hata mmoja. Ndani yake kuna meza ya ramani, ubao mweupe, saa ya ukutani, redio zinazoweza kuongea na polisi, zimamoto na hospitali kwa pamoja, jenereta, na nje mlingoti wa antena. Fikra iliyo nyuma yake ilizaliwa motoni. Mwaka 1970, kusini mwa California, moto wa msituni uliwaka siku 13, ukaua watu 16 na kuteketeza majengo 700. Vikosi vilikuja kwa wingi kutoka kila upande, lakini kila kimoja kilikuwa na masafa yake ya redio, vyeo vyake na majina yake ya vifaa. Aliyeomba gari la maji hakuwa na hakika ataletewa nini. Baada ya moto ule ulibuniwa mfumo wa kuongoza tukio lolote chini ya kiongozi mmoja na lugha moja. Gari la uongozi ni ofisi ya mfumo huo yenye magurudumu.

Wanunuzi wengi hapa hupinda njia. Huanza na gari, kubwa kama basi, lenye skrini kila ukuta, kabla hawajaamua nani atakuwa kiongozi ajali ikitokea: mkuu wa wilaya, kamanda wa polisi, zimamoto au mganga mkuu. Basi hilo huegeshwa likisubiri maafa, na siku maafa yakija betri zimekufa na mtu anayejua nywila za kompyuta amehamishiwa mkoa mwingine. Pikapu ya kawaida yenye turubai la kukunjua, ubao, jenereta ndogo na redio zinazosikilizana, ikitolewa nje kila mwezi kwa mazoezi, inafanya kazi ambayo basi lile halitaifanya.

London ilipata somo lake kwa mashine. Tarehe 26 Oktoba 1992, huduma ya magari ya wagonjwa ya jiji hilo iliwasha mfumo mpya wa kompyuta wa kupanga magari. Mfumo ulipoteza hesabu ya gari lipi liko wapi, simu zikarundikana, magari mawili yakatumwa kwa mgonjwa mmoja na mwingine akangoja. Muda si mrefu wakarudi kwenye karatasi. Tatizo la siku ile halikuwa magari.

Tanzania, kwa upande wake, imeonyesha kwamba uratibu unaweza kutangulia magari. Mpango wa m-mama ulianza Kanda ya Ziwa, ukiungwa mkono na Vodafone Foundation na wadau wengine, na mwaka 2022 serikali ilikubali uenezwe nchi nzima. Mjamzito, mzazi au kichanga akipata dharura, hupigwa 115 bila malipo. Mhudumu wa kituo cha uratibu anauliza maswali, programu inamwonyesha usafiri uliopo na kituo kinachofaa. Gari la wagonjwa likiwa karibu, linatumwa. Likiwa mbali, anapigiwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, mtu wa kijiji chenyewe mwenye gari lake. Akishamfikisha mama, nauli inaingia kwenye simu yake kwa M-Pesa. Familia haikimbii usiku kuazima hela ya mafuta kwa jirani. Rwanda nayo ina SAMU, inayopatikana kwa namba 912 tangu 2007, ambako simu hupokewa na kituo kimoja na gari hutumwa kutoka hapo.

Inabaki sura ambayo hakuna anayeialikia ngoma: uzee wa gari.

Nyuma ya hospitali nyingi za wilaya kuna kiwanja ambacho wageni rasmi hawapitishwi. Hapo magari yapo juu ya mawe, kama wasemavyo mafundi: matairi yamehamia kwenye gari jingine, nyasi zimepenya kwenye boneti, kuku anatagia mahali ilipokuwa machela. Namba za usajili zinasimulia asili. Zenye DFP zilikuja na mradi wa wafadhili. Mradi ukaisha, na aliyekuwa akilipa mafuta na matengenezo akaondoka nao. Mengine yaliponzwa na spea ya shilingi laki kadhaa iliyosubiri kibali kwa miezi, na katika miezi hiyo yakanyofolewa kioo, kisha alteneta, kisha gia boksi. Gari la namna hiyo lingeuzwa mnadani mapema, lingerudisha fedha ya maana. Likishakaa miaka mitano, mnunuzi anauliza bei ya chuma chakavu kwa kilo.

Haya si ya Tanzania peke yake. Aprili 2014, Mama Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa Kenya wakati huo, alikimbia mbio ndefu za London kwa saa 7 na dakika 4 kuchangisha fedha za kampeni yake ya Beyond Zero. Kila moja ya kaunti 47 ikapata kliniki inayotembea, gari zuri lililosheheni vifaa. Baadaye magazeti ya Kenya yaliripoti kwamba baadhi ya kliniki hizo zimeegeshwa: hakuna mafuta, hakuna bima, hakuna wahudumu waliopangiwa. Mkimbiaji alimaliza mbio zake. Bajeti za baadhi ya kaunti ndizo hazikufika.

Hesabu ya uzee haihitaji mtaalamu. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa siku linafikisha kilomita 43,800 kwa mwaka, zaidi ya kuizunguka dunia mara moja, nyingi zikiwa za vumbi na makorongo. Likipelekwa gereji kila kilomita 5,000, ni karibu mara tisa kwa mwaka, na kila mara lazima kuwe na gari jingine la kushika zamu. Baada ya miaka mitano limepita kilomita 200,000. Halmashauri iliyoamua kwamba magari yake yatadumu miaka saba inapaswa kutenga sehemu moja ya saba ya bei kila mwaka. Yenye magari 14 itabadilisha mawili kila mwaka, na haitajikuta na magari 14 mapya mwaka mmoja, kisha magari 14 mabovu mwaka mmoja. Sherehe ya magari mawili ni ndogo kuliko ya magari 14, na huenda hiyo ndiyo sababu mpango huu haupendwi sana.

Wamarekani wana ujanja wao. Magari yao mengi ya wagonjwa yamejengwa kama boksi la alumini lililokaa juu ya fremu ya lori dogo. Injini na fremu zikichoka, boksi hunyanyuliwa, hukaguliwa, huunganishwa upya nyaya, na kuwekwa juu ya fremu mpya. Makabati, machela na rafu zinaendelea na kazi, na bei inakuwa chini ya ile ya gari jipya zima. Miaka ya karibuni, baada ya janga la korona kuvuruga viwanda vya magari na fremu mpya kuadimika, ujanja huo nao ulianza kusubiri foleni.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na hali ya Afrika unatoka Gambia, na mizizi yake iko Somalia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Barry Coleman, mwandishi wa habari za mbio za pikipiki kutoka Uingereza, alikwenda Somalia akakuta magari na pikipiki za huduma za afya zimetupwa, mengine yakiwa yamekufa kwa kasoro ambazo oili na mnyororo vingezizuia. Yeye na mkewe Andrea, pamoja na mwanamichezo wa pikipiki Randy Mamola, wakaanzisha Riders for Health, shirika ambalo kazi yake si kutoa magari, ni kuyatunza yasife.

Mwaka 2009 shirika hilo lilikwenda mbali zaidi nchini Gambia. Lilichukua mkopo kutoka benki ya GTBank, ukidhaminiwa na Skoll Foundation, likanunua magari mapya, kisha likaikodishia wizara ya afya kwa malipo ya kila kilomita. Ndani ya bei ya kilomita moja kulikuwa na mafuta, oili, matairi, mshahara wa fundi, na kipande cha bei ya gari litakalokuja kulirithi hilo. Kila gari liliingia gereji kwa ratiba, liwe linaumwa au haliumwi. Waziri wa fedha hakuambiwa tena, mara moja katika miaka kumi, kwamba magari yote yamekufa na zinatakiwa fedha nyingi kwa mkupuo. Aliona mstari mmoja kwenye bajeti, unaofanana kila mwaka.

Serikali nyingi za ukanda huu tayari zina vyombo vya kufanya kitu cha namna hiyo. Tanzania ina GPSA inayosimamia ununuzi wa magari ya umma na TEMESA inayoyatengeneza. Kilichobaki ni karatasi moja iambatane na kila gari siku ya makabidhiano, ikisema litatembea kilomita ngapi, litahudumiwa wapi, nani analipa, na mwezi gani, mwaka gani, litapelekwa mnadani. Mgeni rasmi anaweza kuisoma kwa kipaza sauti kwa dakika tatu, kabla ya ngoma.

Na baada ya ngoma, asubuhi yake, kunakuwa na dereva na gari lake. Saa kumi na mbili, umande bado uko kwenye kioo. Anafungua mlango wa nyuma, anapanda, anafungulia vali ya mtungi na kusoma geji. Anawasha mashine ya kunyonya, anaisikiliza, anaizima. Anavuta mkanda wa machela kwa nguvu zake zote kuona kama bolti zinacheza. Anapiga tairi teke, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena. Kisha anaketi kwenye ngazi ya nyuma, analiweka daftari juu ya goti na kuandika tarehe, kilomita, na kwamba mtungi wa pili umebaki nusu, upelekwe kujazwa leo.